Kisigino kinanichoma kila nikishuka kitandani

Dada mtaalamu,

Habari za kazi. Sijui umri wako, kwa hiyo kama umenizidi pokea shikamoo yako hapa hapa. Mimi ni mama wa miaka 46, nauza chai na chapati Mwanza. Kibanda kiko chini barabarani, nyumbani ni juu kwenye mawe ya Mabatini. Anayepajua Mabatini anajua kwamba huku juu njia ni mawe tu, na jiwe la kukanyaga unajichagulia mwenyewe.

Huu ni mwezi wa nane kisigino cha kulia kinanitesa. Naamka saa kumi alfajiri niwahi kukanda unga. Nikishusha mguu tu, hatua ya kwanza ni kama nimekanyaga msumari. Natembelea vidole huku nashika ukuta, nashika kabati, mpaka mlangoni. Nimehesabu, ni hatua 20 hivi, halafu maumivu yanalegea nakanyaga kama mtu. Kibandani nasimama kwenye sementi mpaka saa tano na sioni shida kubwa. Nikikaa kuhesabu hela, nikinyanyuka, kimerudi. Jioni nikipanda mawe kwenda nyumbani, unyayo mzima unawaka moto.

Nimehangaika, dada. Zahanati moja walinipiga picha wakasema mfupa umeota kwenye kisigino, umetoka kama mwiba, na ndio unaochoma. Nikachomwa sindano pale pale panapouma, nililia kama mtoto. Nafuu nikaipata wiki tano, kikarudi. Ya pili nafuu ilikuwa wiki mbili. Sasa wananiambia ya tatu, na ikishindikana nikatwe huo mwiba. Jirani anasema ni yuriki asidi, niache nyama, maharage na dagaa. Mama wa Mwanza aache dagaa! Nimeacha miezi miwili, na kisigino hakina habari. Mwingine kanivuta pembeni akaniambia nimekanyagishwa, kuna mtu ana wivu na biashara yangu kamwaga kitu mlangoni. Na kijana mmoja wa kutembeza vitu kaniuzia soli za sumaku kwa shilingi 45,000, eti zinavuta sumu kupitia unyayoni. Zimenipa malengelenge.

Kama nafasi ipo, lipo na jingine. Kifundo cha mguu wa kushoto nilikitegua mwaka juzi, niliingia kwenye mtaro usiku. Nikakandwa kwa maji ya moto na chumvi, uvimbe ukaisha, lakini mpaka leo kinapinduka chenyewe nikikanyaga jiwe baya. Sikiamini. Nikishuka asubuhi gizani uzito wote nautupia mguu wa kulia.

Viatu vyangu ni ndala. Kibandani nina malapa ya bluu, yana miaka mitatu. Nyumbani natembea peku. Mwanangu wa Dar kanitumia raba za mtumba, zinabana vidole, nimezipandisha juu ya kabati. Kila mtu ananiambia nipumzike. Nikipumzika watoto watakula nini? Naomba unijibu kabla sijaenda kwenye hiyo sindano.

Mama Chapati, Mwanza

*

Mama Chapati mdogo wangu,

Marahaba. Nimekuzidi, na miguu yangu inalijua hilo. Wengi huniita daktari na mimi siyo. Ni mtu wa fiziotherapia, nilisomea KCMC pale Moshi, na kazi yangu ni mazoezi, viungo na namna mtu anavyosimama. Sindano ya tatu iahirishe. Nitakueleza kwa nini, lakini nianze na zile hatua 20 ulizozihesabu, maana hapo umenifanyia nusu ya kazi.

Kaa kwenye kitanda, pandisha mguu wa kulia juu ya goti la kushoto. Kwa mkono mmoja kivute kidole gumba cha mguu kuelekea juu, kwa mkono wa pili pitisha dole gumba katikati ya unyayo. Unasikia kitu kimekaza kama kamba ya kuanikia nguo? Huo ni utando mgumu unaoanzia kwenye mfupa wa kisigino na kwenda kujigawa kwenye vidole vyote vitano. Ndio unaoshikilia lile pinde la unyayo lisilale. Kila unapotoa hatua, kisigino kikinyanyuka na vidole vikijikunja kuelekea juu, utando unajivuta na kuupa mguu ugumu wa kusukuma ardhi. Usiku unalala vidole vimeelekea chini, utando umelegea na kujikusanya. Saa kumi alfajiri unashuka na kuutandika kilo zako zote kwa mara moja. Ndiyo maana hatua ya kwanza ni msumari na ya ishirini ni afadhali. Ndiyo maana pia unarudia ukinyanyuka baada ya kuhesabu hela. Tatizo hili lina jina refu la Kilatini ambalo halitakusaidia kukaanga chapati, ila mtu wa fiziotherapia yeyote ukimsimulia hivyo ulivyonisimulia mimi, atakuwa ameshajua kabla hujavua kiatu.

Mwiba kwenye picha upo, sikatai. Lakini ukiwapiga picha visigino watu wazima wanaotembea bila shida yoyote, wengi tu utawakuta na mwiba kama wako. Na hukulala salama ukaamka nao, umeota polepole kwa miaka. Kwa hiyo kuukata ni kumkamata aliyekuwa amesimama karibu na tukio. Upasuaji wa kisigino upo, ila ni wa wachache sana, baada ya mengine yote kujaribiwa kwa miezi mingi, na wewe hayo mengine hata hujaanzishiwa.

Sindano nadhani ni ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na maumivu, kwa jinsi ilivyokupa nafuu ya wiki kadhaa ikaisha. Uliza jina lake na liandikwe kwenye daftari lako la hospitali, ni haki yako. Nafuu yake ni ya kweli ila ni fupi, na ikirudiwarudiwa inaweza kukondesha ule mto wa mafuta ulio chini ya kisigino, au kuukata utando wenyewe. Ule mto ukishakonda hakuna duka linalouza mwingine. Mara moja, kwa mtu aliyeshindwa kabisa kufanya mazoezi kwa maumivu, naielewa. Tatu kwa miezi minane, bila zoezi hata moja, siielewi.

Yuriki asidi ikishambulia mguu haina tabia ya kusubiri saa kumi. Huja ghafla, mara nyingi kwenye kiungo cha kidole gumba, kinavimba, kinakuwa chekundu na cha moto, hata shuka likigusa unaruka. Kama hukupimwa damu, au ulipimwa haikuwa juu, rudi kwenye dagaa wako. Na kuhusu kukanyagishwa, sitagombana na jirani yako. Nasema tu tego linaloisha ukishafika mlangoni ni tego la kivivu.

Sasa kazi. Zoezi la kwanza ni kabla mguu haujagusa sakafu. Mkao ule ule niliokuonyesha, mguu juu ya goti, vidole vyote vitano uvivute juu kuelekea mfupa wa goko mpaka kamba ikaze. Hesabu polepole hadi 10, achia. Mara kumi. Ni dakika tatu za kuamka mapema, najua zinauma, lakini ndizo zinazoua ule msumari. Rudia kabla hujanyanyuka baada ya kuhesabu hela, na mara moja jioni.

Zoezi la pili ndilo tiba yenyewe, na ndilo watu wanaloliacha. Utando huu haukuchakaa kwa sababu ya kazi tu. Umechakaa kwa sababu kazi imeuzidi nguvu. Ukiupumzisha unazidi kudhoofika, halafu siku ukirudi kibandani sementi ni ile ile. Mwaka 2014 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya wagonjwa 48 wa kisigino waliogawanywa makundi mawili, wote wakapewa kitu laini cha kuweka ndani ya kiatu. Kundi moja lilinyoosha unyayo kama nilivyokuelekeza, jingine lilipewa zoezi la nguvu. Baada ya miezi mitatu wale wa nguvu walikuwa mbele kwa nafuu. Mwaka ulipotimia makundi yalikuwa yamelingana, lakini mwenye kibanda hana mwaka wa kuchezea.

Wewe una bahati, mlangoni kwako kuna mawe. Chagua moja bapa, lisilocheza, lenye ukuta wa kushika. Kunja khanga kama ngata ndogo, iweke pembeni mwa jiwe, vidole vikae juu ya khanga vikiwa vimejikunja juu kidogo, visigino vining'inie nje ya jiwe. Panda kwa vidole ukihesabu tatu, kaa juu ukihesabu mbili, shuka ukihesabu tatu. Usiruke, usiharakishe. Anza na miguu yote miwili, mara 12, pumzika, rudia mpaka raundi tatu. Siku moja unafanya, siku moja unaacha, maana nyama na kano hujijenga siku ile ya kuacha. Ukiona 12 zimekuwa rahisi, hamia mguu mmoja. Zikiwa rahisi tena, vaa begi la shule la mtoto lenye pakiti mbili za unga.

Litauma, na hapa ndipo wengi huniponyoka. Tuseme sifuri ni hakuna maumivu na kumi ni uchungu wa kuzaa. Ukifanya zoezi likakaa kwenye tatu au nne, endelea. Likifika sita, punguza. Hakimu ni asubuhi ya kesho yake. Kama msumari wa alfajiri haukuongezeka, basi jana hukuzidisha.

Tuje kwenye viatu, na hapa nitakuwa mkali kidogo kwa sababu umenitajia malapa ya miaka mitatu bila aibu. Yageuze uyaangalie pale kisigino kinapokaa. Nina hakika pamebonyea, pengine mwanga unapita. Mpira uliobonyea hauna kazi, unasimama kwenye sementi tu kwa jina la kuvaa. Halafu lapa halina mshipi wa nyuma, kwa hiyo vidole vyako vinafanya kazi ya kulikamata kila hatua, kutwa nzima, na vidole hivyo ndivyo vilivyofungwa kwenye utando unaouma. Peku ndani ya nyumba nako acheni kwa miezi hii. Weka kiatu chini ya kitanda, mguu ushukie ndani yake, usishukie sakafuni.

Unachotafuta ni sendo yenye mshipi wa nyuma au raba. Nenda jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, usije ukanunua cha asubuhi kikakubana saa tano. Kabla ya kwenda, simama juu ya boksi la karatasi, chora mguu wako kwa kalamu, kata, ubebe. Pale Mlango Mmoja kwenye mitumba chomeka lile karatasi ndani ya kiatu, likijikunja pembeni, kiatu hicho si chako hata muuzaji aape. Kiatu kikipita hapo, kishike mbele na nyuma ukikunje. Kizuri kinakunjika pale vidole vinapojikunja. Kinachokunjika katikati kama chapati ni cha kupigia picha. Bana ukuta wa nyuma kwa vidole viwili, uwe mgumu. Kiweke mezani ukitazame kwa nyuma, kama kimelala upande mmoja, mwenye nacho wa kwanza alikuwa analala upande huo na kitakulaza na wewe. Mwisho, bonyeza soli kwa ukucha. Raba iliyokaa ghalani miaka mingi inapendeza machoni lakini soli yake inameguka kama keki wiki ya pili. Kisigino kiwe juu kuliko vidole kwa sentimita moja au mbili, hilo linalegeza kano ya nyuma na utando pia. Mchuchumio haumo humu, usije ukanisingizia. Raba za mwanao zinazobana vidole mrudishie kwa upole au mpe mwenye mguu mwembamba.

Soli za sumaku hazivuti kitu. Kwa mjini, soli za kuchongwa kwa kipimo cha mguu wako zinatengenezwa, na pale pale KCMC kuna chuo, TATCOT, kinachofundisha mafundi wa vifaa vya namna hiyo, kazi ninayoiheshimu sana. Ila kwa kisigino cha aina yako, za kuchonga zikilinganishwa na za kawaida za dukani, tofauti ya nafuu imeonekana kuwa ndogo mno. Usiuze mbuzi. Mwone fundi viatu, mwambie akukatie mpira laini unaobonyea na kurudi, unene wa sentimita moja, ukae chini ya kisigino tu na uchongoke kwa mbele. Aweke kwenye viatu vyote viwili, mguu mmoja usiwe mrefu kuliko mwenzake. Na kibandani tandika kipande cha zulia kuukuu au gunia lililokunjwa mara nne pale unaposimama. Kusukuma chapati unaweza ukiwa umekaa kwenye stuli, kukaanga ndiko kunakotaka kusimama. Wateja hawanunui urefu wako.

Kiatu kinakupa nafasi ya kufanya kazi huku ukijijenga. Ukikinunua ukaacha lile jiwe la mlangoni, mwakani tutaandikiana tena.

Mguu wa kushoto. Uvimbe uliisha kwa kukandwa, sawa, lakini kifundo kikipinduka zile kano za upande wa nje hunyooka, na pamoja nazo hupotea habari. Kwenye kano kuna vihisio vinavyouambia ubongo mguu umekaaje. Bila hivyo unalikanyaga jiwe, taarifa inachelewa, kifundo kimeshapinduka. Habari hiyo inafundishika. Simama kwa mguu wa kushoto karibu na ukuta, hesabu 30, mara tatu, kila siku unapopiga mswaki. Ukishaweza bila kuyumba, fumba macho, ndipo utakapojua ulivyokuwa unadanganywa na macho. Kisha simama juu ya mto wa kulalia. Fanya nyumbani, usije ukafumba macho mbele ya kikaango. Na nunua tochi, mdogo wangu, au washa ya simu. Ukianza kuuamini mguu wa kushoto, wa kulia utapumua.

Yapo mambo ambayo barua haitoshi. Kapime sukari wiki hii, ni tone la damu tu. Kama iko juu, au kama nyayo zina ganzi, maji ya moto na chumvi usiyaguse, mtu huungua bila kusikia. Kisigino kikiuma hata ukiwa umelala usiku kucha, kikivimba na kuwa cha moto, ukipata homa, ukisikia kitu kimekatika kwa kishindo nyuma ya mguu, au shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma, usiningoje mimi. Nenda Bugando au hospitali ya mkoa. Hata bila hayo, omba upewe rufaa ya fiziotherapia umwone mtu wa kukusahihisha kwa macho, maana mimi sikuoni ukipanda hilo jiwe. Vidonge vya diklofenaki vya kununua kiholela punguza, vinatuliza siku mbili na kuchimba tumbo miezi.

Uzito nitautaja mara moja tu kwa sababu hukuuliza. Kila kilo inayopungua kisigino kinaiona kwanza.

Muda. Wiki ya kwanza na ya pili usitarajie kitu, unaweza hata kunilaani. Kuanzia ya sita hadi ya kumi na mbili ndipo wengi huniambia zile hatua za asubuhi zimepungua, na walio wengi hupona ndani ya mwaka bila kisu. Leo chukua kipande cha mkaa, andika 20 kwenye ukuta wa chumbani karibu na mlango. Kila Jumapili andika namba mpya chini yake, hata kama haikupungua. Baada ya wiki nane niandikie hizo namba zote kama zilivyo, nitajie na umefikia mguu mmoja au bado miwili, tuone tuongeze unga kwenye begi au tupunguze.

Na yale malapa ya bluu usimrithishe binti yako. Yatupe.